Msaada wa wakimbizi na deplase: nani anatoa, nani anagawa, na juu ya nini wewe hujapata

Tangu mwanzo wa 2025 hapa Goma, mashariki ya Kongo, swali ni moja kila kona, Birere, Majengo, Katoyi, ndani ya basi la kwenda Sake: zile ONG zote (mashirika yasiyo ya serikali) ziliishia wapi, na zile dola tunazosikia redioni zinaingia mfuko wa nani? Mmoja anasema HCR (shirika la wakimbizi) njo wanakula, mwingine anasema ni PAM (shirika la chakula), mwingine MONUSCO (askari wa kulinda amani), wengine wanatia wote kapu moja wanaita "Umoja wa Mataifa" basi imekwisha. Nimeona watu wakiwafukuza vijana waliokuja kuandikisha familia, juu tu walivaa gile (vizibao) za bluu wakadhaniwa ni wenzao na wale askari wa MONUSCO wa kofia za bluu. Hii kitu inaniuma kwa sababu ndani yake kuna maisha ya watu, na kama hujui nani anawajibika na nini, utalia mwaka mzima mbele ya ofisi ambayo haina hata uwezo wa kukujibu. Kwa hiyo tufafanue polepole, tuanze na yale mepesi.

Mkimbizi, kwa sheria, ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi. Yule mama aliyetoka Bunagana Juni 2022, waasi wa M23 walipouchukua ule mji, akaingia Uganda upande wa Kisoro, huyo ni mkimbizi. Aliyetoka Kitshanga akaja kulala kambi ya Bulengo, hapa Goma, huyo si mkimbizi, ni deplase, mhamishwa wa ndani, hata kama alitembea mbali zaidi na akapoteza zaidi ya yule wa kwanza. Mkimbizi ana Mkataba wa Geneva wa 1951, na kwetu Afrika kuna ule wa OUA, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, uliosainiwa Addis Ababa 1969 ambao uliongeza kitu kikubwa: si lazima uonyeshe kwamba wewe binafsi unatafutwa, vita ikishavuruga eneo lenu inatosha. Kwa deplase, Afrika iliandika mkataba mwingine Kampala 2009, na huo unasema mwenye mzigo wa kwanza ni serikali ya nchi yake mwenyewe.

Hapo njo fundo letu linaanzia. Serikali iko Kinshasa, na Goma tangu mwisho wa Januari 2025 iko mikononi mwa AFC/M23, yani M23 na muungano wao wa kisiasa, sasa deplase wa Masisi atamdai nani? Sheria ya vita inajibu: yeyote anayeshika eneo, awe jeshi la serikali awe kundi la silaha, anapaswa kuacha msaada upite ufike kwa raia, na raia huyo asiulizwe kwanza yuko upande gani. Kwenye karatasi ni wazi kabisa. Barabarani ni mazungumzo ya kila wiki, kizuizi kwa kizuizi, barua kwa barua.

Kuna na watu wa namna mbili zaidi, aliyerudi kijijini kwake, ambaye mara nyingi anahesabiwa kana kwamba shida zake zimekwisha, na ile familia iliyowapokea deplase nyumbani kwake, ambayo karibu hakuna anayeitaja. Hao nitawafikia.

Sasa msaada unatembeaje? Fikiria harusi ya hapa mtaani. Mjomba aliye Ulaya ametuma pesa na amesema wazi ni ya viti na hema tu. Shangazi amebeba chakula. Kamati imeandika listi ya wageni, vijana wa kanisa wanapika na kugawa sahani. Chakula kikiisha kabla ya meza za nyuma, mgeni anamkasirikia nani? Yule kijana wa sahani, kwa sababu njo anamwona. Lakini yeye hana pesa, hakuandika listi, na ile pesa ya viti haiwezi kununua mchele mpaka mjomba akubali.

Mjomba hapo ni mfadhili, na mara nyingi ni serikali ya nchi nyingine: Marekani, Umoja wa Ulaya, Ujerumani, Uingereza, Japani. Anaweka pesa kwenye shirika la Umoja wa Mataifa au ONG kubwa ya kimataifa, na pesa inakuja imeandikwa kazi yake tayari, hii ya maji Nyiragongo, hii ya lishe ya watoto Rutshuru. Shirika hilo linasaini kontra (mkataba) na patena, yani shirika lingine la kutekeleza kazi, na huyo patena mara nyingi anashusha tena kwa ONG ya hapa hapa, ya vijana na wamama tunaojuana nao. Kontra nyingi ni za miezi tu, au mwaka. Kwa hiyo ukiona timu iliyokuwa inaleta maji imepotea ghafla, mara nyingi hakuna aliyeiba, kontra imeisha na mpya haijasainiwa. Haifanyi kiu ipungue, najua, ila inakuonyesha swali ulipeleke wapi: kwa aliyetoa kontra, si kwa kijana aliyekuwa anafungua robinet.

Ili wasikanyagane wamegawana kazi. Tangu 2005 mashirika yanakaa kwa makundi yanayoitwa klasta, kila klasta na kiongozi wake. Maji na vyoo ni UNICEF, afya ni OMS (shirika la afya duniani), chakula ni PAM pamoja na FAO (shirika la kilimo), ulinzi wa raia ni HCR, na kambi za deplase hapa Goma ziliangaliwa na HCR pamoja na OIM (shirika la uhamiaji). OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu msaada, hawagawi unga, kazi yao ni kupanga, kuhesabu mahitaji na kubisha milango ya wafadhili, kwa hiyo kuwakasirikia OCHA juu hujapata mafuta ni bure. Halafu kuna walio nje kabisa ya familia ya Umoja wa Mataifa. CICR, yani Msalaba Mwekundu wa kimataifa, wana kazi waliyopewa na Mikataba ya Geneva: majeruhi wa vita, wafungwa, kutafutia watoto wazazi waliopotezana nao. Waliopasuliwa risasi hospitali ya CBCA Ndosho wanajua nasema nini. MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, nao wanaishi karibu kabisa na michango ya watu binafsi, si ya serikali, njo maana Marekani ilipofunga mfuko wengine walifunga milango na wao wakaendelea.

Tuongelee huo mfuko maana hapo uongo mwingi unazaliwa. Mwaka 2025 mpango wa msaada kwa Kongo yote uliomba dola bilioni 2.54 ili kufikia watu milioni 11. Ukisikia bilioni mbili na nusu unaona milima ya pesa. Chukua simu upige hesabu: ni kama dola 231 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima, yani senti 63 kwa siku, na ndani ya hizo senti kuna chakula, dawa, maji, bashi (turubai za vibanda), mazuti (dizeli) ya kamio (malori), ndege, mshahara wa muuguzi na wa dereva. Tena hiyo ni pesa iliyoombwa, si iliyopatikana. Kuomba ni hatua ya kwanza, mfadhili kuahidi ni ya pili, pesa kuingia benki ni ya tatu, na redio inatangaza zaidi zile mbili za mwanzo. Mwaka uliotangulia Marekani peke yake ilibeba karibu asilimia 70 ya pesa yote ya msaada wa dharura Kongo. Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na tarehe 27, wiki moja tu baadaye, M23 wakaingia Goma. Vitu viwili hivyo havina uhusiano kati yao lakini vilituangukia kwa pamoja. Tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi. Nyongeza, uwanja wa ndege ulifungwa, depo za msaada ziliporwa wakati wa vita, na Bukavu katikati ya Februari PAM ilipoteza karibu tani 7,000 za chakula kwenye depo zake kwa siku chache tu. Hicho kilikuwa chakula cha watu walewale waliokuwa wanakimbia.

Nataka nikae kidogo kwenye maji, maana hapo njo utaona kwa macho kwa nini kambi ni kitu cha bei ghali. Kuna kipimo kinachotumika duniani kote, litre 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Familia ya watu sita ni litre 90, yani bidoni nne na nusu za litre 20. Chukua kambi ya watu 50,000, hapa kwetu tumeona kubwa zaidi ya hiyo, inahitaji litre 750,000 kila siku, na kama maji yanaletwa na kamio za litre 10,000, ni safari 75, kila siku, Jumapili na mvua na siku ya vita pia. Safari ishirini tu zikikwama juu ya barabara mbaya au mazuti, kuna watu zaidi ya 13,000 ambao siku hiyo hawapati kitu. Aliyeishi kambi ya Kanyaruchinya au Rusayo hahitaji kuelezwa, alishaona mstari wa bidoni za njano umelazwa tangu saa tisa za usiku, kila bidoni na kitambaa au alama ya rangi ili isiibiwe, na mtoto mmoja ameachwa kulinda za familia tano.

Na choo? Kipimo kinasema watu wasiozidi 20 kwa choo kimoja. Sasa chimba choo pale Kanyaruchinya. Ardhi yote ni jiwe la volkano, ukipiga shoka linarudi. Mafundi wanalazimika kujenga choo juu juu, ngazi kwanza, shimo likiwa halina kina, na shimo fupi linajaa haraka, na likijaa lazima kamio ije kunyonya, na kamio ni pesa. Ndiyo, kwenye makaratasi ya mfadhili choo cha Goma kinaonekana kinakula pesa kuliko cha mahali pengine, na kuna watu wanadhani ni wizi. Mara nyingi ni jiwe.

Vipimo hivyo havikutoka hewani, na sisi wa Goma tunapaswa kujua hilo kuliko watu wote. Julai 1994 karibu watu milioni moja kutoka Rwanda waliingia hapa kwa siku chache, wakalala Mugunga, Kibumba, Katale, juu ya jiwe hilohilo bila maji. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ndani ya mwezi mmoja. Mashirika yalikuja mengi sana, kila moja na bendera yake, lakini hakukuwa na makubaliano ya kitu kidogo kama maji kiasi gani ni ya lazima. Baada ya aibu hiyo wakakaa, wakaandika vipimo vinavyoitwa Sphere, kazi iliyoanza 1997, na leo mhandisi wa maji akiwa Sudan au Bangladesh anahesabu kwa vipimo ambavyo makaburi ya hapa kwetu ni sehemu ya sababu yake.

Mwaka huo wa 1994 ulifundisha na kitu kingine kichungu zaidi. Ndani ya zile kambi kulikuwa na wauaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, wenye silaha, waliokuwa wanasimamia ugawaji wa chakula na kujinunulia nguvu kwa msaada huo, na MSF Ufaransa wakaondoka Novemba 1994 kwa kukataa kulisha mfumo huo. Tangu hapo kambi bila silaha inasisitizwa kama sharti, si adabu. Na sote tuliona tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalipoanguka kwenye kambi za Lushagala na Mugunga, nini kinatokea mizinga ikikaa jirani na bashi.

Sasa tuguse yale maneno ya mtaani.

Kwanza MONUSCO na HCR si kitu kimoja. MONUSCO ni kikosi cha kulinda amani, kinatumwa na Baraza la Usalama, kina silaha na kina mambo ya siasa. HCR na PAM hawana silaha. Wote wanavaa bluu na wote wanaandika UN kwenye gari, nakubali kosa hilo la kuchanganya ni rahisi, lakini lina gharama: Julai 2022 hasira dhidi ya MONUSCO ilipowaka mjini, hata wafanyakazi wa msaada wasiohusika waliogopa kutoka. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya MONUSCO, mimi nina yangu, lakini usimpige jiwe mwenye kuleta chanjo ya surua.

Halafu hii: "wanaongea na waasi, basi wako nao." Hapana. Shirika la msaada linaongea na kila mwenye bunduki barabarani kwa sababu bila hivyo kamio haipiti. Mfano tuliuona hapahapa. Kuanzia tarehe 30 Aprili 2025 CICR walisindikiza askari na polisi wa serikali waliokuwa wamekwama kwenye kambi za MONUSCO mjini Goma, pamoja na familia zao, mpaka Kinshasa. Ili misafara hiyo ipite ilibidi M23 wakubali, serikali ikubali, MONUSCO ikubali, wote watatu, na wote watatu wamwamini mmoja aliye katikati. Siku CICR wakianza kusema nani mwema nani mbaya, msafara kama huo hautakuwepo tena.

Tatu ni listi, na hapa nakubaliana na hasira ya watu zaidi ya mnavyofikiri. Listi inatengenezwa hivi: timu inapita na shefu wa bloki au wa avenyu, wanauliza maswali, nyumba ina watu wangapi, mama mjamzito, mlemavu, mzee anayelea wajukuu, mnakula mara ngapi kwa siku. Chakula kikiwa cha familia 1,000 na wenye njaa ni 4,000, wanachukua walio hali mbaya zaidi kwa hesabu ya majibu yale. Jirani yako akipata jetoni (kadi ya kupokelea msaada) wewe ukose haina maana kwamba huna njaa, ina maana pesa iliishia kwenye mstari fulani wa listi. Lakini ndiyo, listi inaweza kuharibiwa pia. Kuna shefu anayeingiza shemeji zake, kuna anayeomba elfu kumi franga ili akuandike, na ubaya zaidi kuna wanaume wanaodai mwili wa mwanamke kwa jetoni. Hilo la mwisho halina jina lingine ila uhalifu, na kila shirika limesaini kwamba mfanyakazi wake akifanya hivyo anafukuzwa.

Pesa kwa simu nayo imeleta maneno. Kwa miaka sasa badala ya magunia watu wengi walikuwa wanapokea kwa M-Pesa au Airtel Money, wakaenda kununua wenyewe sokoni, jambo ambalo naliunga mkono kwa roho yote maana mama anajua kuliko ofisi yoyote kama leo shida ni fufu au dawa ya mtoto, na muuzaji wa soko la Virunga naye anauza. Lakini benki za Goma zilifungwa tangu M23 waingie, noti zikawa haba, na mwenye kabini ya simu, anayekutolea pesa, asipokuwa na noti ile namba kwenye simu haiwi chakula. Njo maana sehemu nyingine wamerudi kwenye magunia.

Na jambo la kambi kuvunjwa. Februari 2025 watu wa Bulengo, Lushagala na kwingine waliambiwa warudi kwao, ndani ya siku chache mamia ya maelfu wakatoka. Nasikia watu wakisema "basi deplase wameisha." Hawajaisha. Wengi walikuta nyumba imechomwa, shamba lina mtu mwingine au lina bomu ambalo halijalipuka, wakarudi kimyakimya mjini wakaingia kwa ndugu. Tofauti ni kwamba kambini walihesabika, na leo wametawanyika chumba kwa chumba Ndosho na Mugunga ambako kuwapata kunahitaji kubisha kila mlango.

Hapo njo nafika kwa ile familia iliyopokea. Katika Kongo deplase wengi zaidi hawajawahi kulala kambini, wanalala kwa watu. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili inakuwa na watu kumi na nne, bidoni mbili za maji zinakuwa hazitoshi, choo kinajaa kabla ya wakati, na baba mwenye nyumba hayuko kwenye listi yoyote kwa sababu yeye "hajahama." Mimi naona huyo njo patena mkubwa kuliko wote, na njo wa pekee asiye na kontra. Miradi michache inamhesabu, inampa nusu ya fungu au inamsaidia kupanua choo, ila ni michache mno. Na juu yake kidogo kuna ONG za hapa. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa ya msaada ingefika kwa mashirika ya wenyeji moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Haikufika hata karibu. Wakati huohuo risasi zikianza wa kimataifa wanahamishwa, na anayebaki kuendesha pikipiki Kibati ni kijana wa hapa.

Kwa hiyo ukitaka kufuatilia haki yako, fanya hivi. Kuandikwa ni bure, jetoni ni bure, kubebewa jina ni bure, yeyote anayeomba kitu amevunja sheria ya shirika lake. Siku ya ugawaji soma maandishi kwenye gile na kwenye bango, kwa kawaida utaona majina mawili, la anayegawa na la aliyetoa pesa, andika yote mawili na tarehe na jina la bloki. Uliza laini ya malalamiko, kwa kawaida ni namba ya bure iliyobandikwa pale kwenye ugawaji, na kama malalamiko yako ni juu ya anayegawa basi piga kwa yule wa pili, aliyetoa pesa, maana yeye njo anaweza kusimamisha kontra. Kama ni jambo la mwili, dada, mama, usipitie kwa shefu, nenda moja kwa moja kituo cha afya kabla ya saa 72 kwisha ili upate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, malalamiko yatafuata nyuma. Na kama umewapokea deplase nyumbani, timu ikipita usijifiche ukidhani haikuhusu, sema muko wangapi na mnalala wangapi kwa chumba, hata kama hawajauliza, na omba waandike.